Sahani tisa bila nyama: tulionja soja yetu kabla ya kuiuza

Safari hii hatuwaletei habari ya mbegu wala ya mbolea. Tunawaletea habari ya sufuria.

Katika depo ya koperative moja upande wa Kabare, Kivu ya Kusini, mulikuwa mumebaki mifuko sita ya soja. Mnunuzi kutoka Bukavu alikuwa amekwisha kupita. Aliingiza mkono ndani ya mfuko, akatazama mbegu, akataja bei yake, akasema atarudi Jumatano. Bei haikuwa nzuri, lakini ilikuwa feza mkononi, na wazazi wengi walikuwa wanawaza feza ya masomo ya watoto.

Wanachama wakagawanyika. Wamoja walisema: tuuze yote, tumalize. Wengine, zaidi wamama, walisema: tubakishe mifuko miwili, tutengeneze maziwa ya soja na tofu, tule sisi na watoto wetu, na inayobaki tuiuze sisi wenyewe. Mzee mmoja, mwanachama tangu mwanzo, akajibu bila kuzunguka: "Soja ni chakula ya wagonjwa. Wanaitoaka ku kituo cha afya kwa watoto wa bwaki. Nani mtu mzima atatoa franga zake anunue ile?"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Hapo mama mwenyekiti akasema neno ambalo lilituleta kule: "Hatutapiga kura na tumbo yenye haijaonja. Siku ya Mungu, kisha ibada, tupike, tuonje, njo tupige kura."

Sisi wa gazeti hili tuliitwa tuonje pamoja nao. Tulikwenda na njaa, tukarudi tumeshiba na daftari limejaa.

Kwa nini bila nyama hata kidogo

Wamama waliweka sheria moja: kwenye meza hakuna kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Hakuna nyama, hakuna sambaza, hakuna ndagala, hakuna yai, hakuna maziwa ya ng'ombe wala siagi.

Wengine waliona sheria hiyo ni ngumu bure. Mama mwenyekiti akaeleza: "Ukiweka sambaza kumi ndani ya sufuria, watu wote watasifu sambaza. Tunataka kujua chakula ya shamba inaweza nini yenyewe, peke yake."

Inafaa kusema kwamba kula namna hii si kitu kipya duniani. Waingereza walioacha kabisa vyakula vya wanyama walijitungia jina mwaka 1944, wakajiita vegan, na leo katika miji mingi ya Ulaya na Marekani wanafanya sikukuu za kuonja vyakula hivyo. Kule Ethiopia, Wakristo wa Kanisa la Orthodox wanafunga nyama, maziwa na mayai zaidi ya siku 180 kwa mwaka, na wamezoea kupika dengu na mbaazi kwa viungo vizuri kabisa. Wachina wanatengeneza tofu tangu karne nyingi.

Hapa kwetu hatukukutana kwa sababu ya imani wala kwa sababu ya kukataza mtu kula mbuzi yake. Sababu yetu ni nyingine, na kila mtu aliyekuwa pale anaijua. Ng'ombe wengi waliibwa katika miaka ya vita. Homa ya nguruwe inapoingia kijijini inamaliza kibanda kizima kwa wiki moja. Samaki inapanda bei. Kwa hiyo nyumba nyingi zinakula bila nyama siku nyingi za juma, zipende zisipende. Swali si kama tutakula bila nyama. Swali ni kama siku hizo tutakula vizuri ao vibaya.

Sheria ilileta pia mabishano ya kuchekesha. Kijana mmoja alikutwa na kube ya supu yenye picha ya kuku mfukoni. Wamama wakaichukua. Na mfugaji wa nyuki akauliza kwa huzuni: "Asali nayo?" Wenye kufuata sheria hiyo Ulaya wanasema hata asali hapana, kwa sababu ni kazi ya nyuki. Basi chupa yake ya asali ikawekwa kando, ikangoja hadi mwisho wa siku.

Meza ya kwanza: majani

Kulikuwa na meza tatu, na kila meza sahani tatu. Bugali ya mihogo na ya mahindi ilikuwa katikati, kila mtu anajikatia.

Sahani ya kwanza ilikuwa sombe iliyopikwa na karanga za kusaga, kitunguu, pilipili ya kijani na mawese kidogo. Hapa hakuna aliyebisha. Karanga zilifanya mchuzi kuwa mzito, na watu walirudia mara mbili kabla ya kuulizwa. Papa mmoja alitafuta kwa kijiko mpaka chini ya sufuria, anasema lazima kuna samaki mule. Hakukuwa na samaki.

Sahani ya pili ilikuwa lengalenga na tomati, imekamuliwa ndimu juu yake wakati wa kupakua. Ndimu ile haikuwa mapambo. Muganga wa kituo cha afya, aliyekuja kuonja na sisi, alieleza kwamba majani na maharagi yana madini ya chuma yenye kujenga damu, lakini mwili unaikamata vigumu kuliko ile ya nyama. Ndimu, tomati, pera ao papai vikiliwa pamoja na chakula, vinausaidia mwili kuikamata. Chai ya rangi inafanya kinyume: ukiinywa pamoja na chakula, inaizuia. Kwa hiyo chai ingoje saa moja ao zaidi kisha kula.

Sahani ya tatu ilitupa fundisho. Ilikuwa sombe nyingine, ya mama kijana ambaye kuni zake zilichelewa kufika. Aliitwanga haraka, akaichemsha kidogo tu. Ilikuwa na rangi nzuri ya kijani, lakini muganga alipoweka kidogo kwenye ulimi akasikia uchungu. Aliifunika sahani, akasema kwa upole: "Mama, hii turudishe ku moto. Si kosa ya mkono wako, ni haraka."

Wengi tunajua sumu ya mihogo chungu kwenye mizizi, tunasahau kwamba iko pia kwenye majani. Kutwanga vizuri kunaifungua ile sumu, na kuchemsha muda mrefu bila kufunika sufuria kunaitoa na mvuke. Kama hukutwanga sawasawa, moto peke yake hautoshi. Sombe ile ilitwangwa tena, ikarudi kwenye moto, na mwisho wa siku ililiwa ikaisha.

Bugali tupu ni hatari kuliko tunavyofikiri

Hapo muganga aliomba tusimamishe vijiko kidogo, na tunaona ni vema kurudia maneno yake hapa, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote ya siku ile.

Kuna ugonjwa unaitwa konzo. Jina lake limetoka kwa watu wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekazana, na miguu hiyo hairudi tena kama zamani. Unashika zaidi watoto na wamama. Umeonekana sehemu mbalimbali za Kongo, na hapa Kivu ya Kusini pia umeonekana.

Unakuja pale mambo mawili yanapokutana. Jambo la kwanza ni mihogo chungu ambayo haikulowekwa siku za kutosha, kwa sababu ya njaa, ao vita, ao haraka ya kuuza. Jambo la pili ni kula bugali hiyo kila siku bila chakula chenye kujenga mwili. Mwili wa mtu una uwezo wa kuondoa sumu kidogo ya mihogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji proteini. Ukikosa proteini, sumu inabaki ndani.

Unga wa mihogo una proteini kidogo sana: katika gramu 100, ni gramu 1 ao 2 tu. Mahindi yana kama gramu 9. Maharagi makavu yana kama gramu 22, karanga kama 25. Soja kavu inafika gramu 36, inazipita zote.

"Mnaona sasa," muganga akasema. "Nyumba isiyo na nyama lakini ina maharagi, karanga ao soja, hiyo nyumba inakula. Nyumba yenye bugali na majani bila mafuta, kila siku, hiyo nyumba iko na njaa hata kama tumbo imejaa."

Yule mzee wa "chakula ya wagonjwa" alikuwa anasikiliza, mkono kwenye kidevu. Hakusema kitu.

Meza ya pili: maharagi, uyoga na uji

Sahani ya nne ilikuwa maharagi na bitoke, vimepikwa sufuria moja, na bilingani na mawese. Ni chakula ya nyumbani, kila mtu anaijua. Lakini mpishi alikuwa ametumia maharagi yaliyolowekwa usiku kucha, na ile maji ya kulowekea ameimwaga. Alituambia faida zake mbili: makala inatumika kidogo, na tumbo halijai gesi. Mbegu zake ni za yale maharagi yenye chuma nyingi ambayo watafiti wa INERA Mulungu, pale pale Kabare, wamefanyia kazi. Tuliuliza kama ladha ni tofauti. Jibu la watu wa meza: hapana, ni maharagi tu, ila yanaiva mapema.

Sahani ya tano ilikuwa uyoga. Si uyoga wa porini, ni ule wa kupanda kwenye maganda ya maharagi. Uliviringishwa kwenye majani ya ndizi na mbegu za maboga zilizokaangwa na kutwangwa, kitunguu na pilipili, ukawekwa juu ya makala. Majani yalipofunguliwa, harufu iliwavuta hata vijana waliokuwa wanacheza mpira. Uyoga una maji mengi, proteini yake si kubwa. Ni zile mbegu za maboga ndizo zinaleta nguvu na mafuta. Lakini kwa mdomo, sahani hii ndiyo iliyokaribia nyama kuliko zote.

Sahani ya sita ilikuwa uji wa masoso: mahindi, soja na mtama. Watoto walipewa kwanza, na vikombe vilirudi vitupu. Mchanganyiko huu una maana yake. Kila nafaka ina upungufu fulani katika proteini yake, na soja inaujaza. Soja nayo ina upungufu ambao nafaka inaujaza. Wakikutana kwenye kikombe kimoja wanakuwa chakula kamili zaidi. Ni kama watu wawili wanaobeba mfuko mmoja.

Hapa kuna onyo. Soja ya kutia kwenye masoso lazima ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, na uji uchemke sawasawa. Soja mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga proteini, na inaharisha watoto. Karanga nazo zichaguliwe: zenye ukungu, zilizonyauka, ao zenye rangi nyeusi, zitupwe mbali, kuku nao wasipewe. Sumu ya ukungu ule haitoki kwa moto.

Meza ya tatu: soja yenyewe

Ilipofika meza ya tatu, watu walijua hapa ndipo kura yenyewe ilipo.

Sahani ya saba ilikuwa maziwa ya soja, na kulikuwa na mabidoni mawili. Bidoni la kwanza lilikuwa na harufu ya maharagi mabichi. Watu walikunywa kidogo kwa heshima, wakaweka kikombe chini. Mtoto mmoja alisema wazi kile wakubwa walificha: "Hii inanuka majani." Bidoni la pili lilikuwa tofauti kabisa: laini, na tangawizi na sukari kidogo. Lilimalizika.

Mbegu ni zile zile, za mfuko ule ule. Tofauti ilikuwa nini? Mama wa bidoni la pili alieleza: alichemsha maji kwanza, akatumbukiza soja iliyolowekwa ndani ya maji yanayotokota, dakika kama tano, kabla ya kuitwanga. Moto ule wa mwanzo unaua kile kinacholeta harufu ya majani. Mama wa bidoni la kwanza alitwanga soja na maji baridi. Aliandika siri hiyo kwenye mkono wake na kalamu, hapo hapo.

Sahani ya nane ilikuwa brosheti za tofu. Tofu ni maziwa ya soja yaliyokatishwa kwa ndimu, yakakamuliwa kwenye kitambaa mpaka yakawa kama jibini. Tofu yenyewe haina ladha, tuseme ukweli. Tuliionja tupu, na kila mtu alisema ni kama kutafuna kitambaa kilichoiva. Lakini wamama walikuwa wameikata vipande, wakailaza saa mbili kwenye chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili, wakaitoboa na vijiti pamoja na vipande vya kitunguu, wakaikaanga na mafuta kidogo kisha wakaipitisha kwenye makala.

Sinia ilikuja na brosheti thelathini. Tulihesabu kwa sababu tulitaka kuandika. Hazikukaa dakika kumi. Yule mzee alichukua moja, akakula polepole, akatazama kijiti kitupu. Kisha akachukua ya pili. Vijana walipiga makofi, naye akawaambia: "Nyamazeni, bado naonja."

Sahani ya tisa ilikuwa mandazi ya viazi vitamu vya rangi ya karoti, vilivyochanganywa na unga na machicha ya soja, yaani yale yanayobaki kwenye kitambaa kisha kukamua maziwa. Rangi ile ya viazi ni dalili ya vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Mama mmoja anayeuzaka mandazi karibu na shule alikula moja, akafunga mbili kwenye jani, akasema anakwenda kuzifikiria.

Namna ya kutengeneza maziwa ya soja na tofu

Wengi walituomba tuandike hatua kwa hatua. Tunaziandika kama tulivyoziona.

1. Chagua kilo moja ya soja safi. Toa mawe, mbegu zilizooza na zenye ukungu. Osha.
2. Loweka kwa maji mengi usiku mzima, saa 8 hadi 12. Mwaga maji yale.
3. Tumbukiza soja kwenye maji yanayotokota, dakika kama 5. Ichuje, isugue kwa mikono, maganda yaelee, uyatoe.
4. Twanga ao saga mpaka iwe laini kabisa. Ongeza maji safi ya moto, litri 6 hadi 8 kwa jumla. Ukitaka maziwa mazito, punguza maji.
5. Kamua kwa kitambaa safi. Machicha yawekwe kando kwa mandazi, mchuzi, ao kuku, lakini yapikwe kwanza.
6. Chemsha maziwa huku unakoroga. Angalia: soja inafura povu mapema na kukudanganya kwamba imechemka. Punguza moto, uendelee dakika 20 kamili tangu itokote kweli.
7. Kwa maziwa ya kunywa, tia chumvi kidogo, sukari na tangawizi. Yanyweke siku ile ile.
8. Kwa tofu, usitie sukari. Epua, ngoja kidogo, mimina maji ya ndimu polepole huku unakoroga taratibu, mpaka yakatike na maji yabaki ya kinjano. Mimina kwenye kitambaa, funga, weka jiwe safi juu kwa saa moja.

Kilo moja ya soja inatoa maziwa litri 6 hadi 8 hivi, ao tofu kilo moja na nusu, pengine karibu mbili ikiwa haikukamuliwa sana.

Maneno ya muganga kwa wenye watoto

Kabla ya kura, muganga alisimama tena. Alisema hataki mtu arudi nyumbani na kusema gazeti limekataza mayai.

Kwanza, mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye ziwa la mama tu. Maziwa ya soja hayachukui nafasi ya ziwa, hata siku moja. Na kisha miezi 6, aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 ao zaidi.

Pili, kuna vitamini moja, B12, ambayo haipatikani kwa mimea yetu. Inatoka kwa vitu vya wanyama. Wale wa Ulaya wasiokula vitu vya wanyama wanaimeza kama dawa ao wananunua vyakula vilivyoongezewa. Sisi hatuna dawa hizo sokoni kwetu. Kwa hiyo yai likipatikana, samaki kidogo ikipatikana, vianze kwa mama mwenye mimba, kwa mama anayenyonyesha na kwa mtoto mdogo. Si kwa baba kwanza. Hapo wamama walipiga vigelegele, na wababa wakatazama chini.

Hatukukata maneno hayo, kwa sababu ni ya kweli. Chakula ya shamba inaweza kubeba nyumba siku nyingi za juma. Haibebi yote.

Hesabu, kisha kura

Agronomu alileta ubao. Upande mmoja aliandika bei ya mnunuzi kwa kilo. Upande wa pili aliandika litri za maziwa na vipande vya tofu vinavyotoka kwa kilo ile ile, kwa bei ambazo wamama walidhani watu watakubali. Upande wa pili ulikuwa mkubwa, na watu walianza kushangilia. Agronomu akainua mkono: "Bado. Sasa tutoe."

Akaanza kutoa. Kuni ao makala. Sukari, tangawizi, ndimu. Maji ya kubeba kutoka chini ya mlima. Kitambaa, sabuni, mabidoni. Kazi ya wamama wanne kwa nusu siku, ambayo watu wengi wanaisahau kwenye hesabu kana kwamba ni bure. Na hasara: maziwa hayalali, na tofu bila frigo inakaa siku moja tu, ndani ya maji baridi yanayobadilishwa. Ile isiyouzwa leo, kesho ni ya kuku.

Faida ilibaki, lakini ilipungua sana. Na ilibaki kwa sharti moja: wauze yote kila siku wanayopika. Mama wa mandazi ndipo akasema kwamba anaweza kuchukua brosheti ishirini na machicha ya Jumatatu, ajaribu. Huyo ndiye alikuwa mteja wa kwanza, na aliletwa na mdomo wake mwenyewe.

Mabishano yaliendelea saa nzima. Papa mmoja, mwenye watoto watatu shuleni, alisema kwa sauti ya chini: "Mimi siwezi kungoja tofu. Jumatano nahitaji feza." Hakuna aliyemcheka. Mwisho mama mwenyekiti akatoa wazo la katikati: mifuko mitano iuzwe Jumatano, na mfuko mmoja ubaki kwa wamama kwa majaribio. Watapika tu kile kilichoagizwa mbele. Wataandika kila kitu kwenye daftari, matumizi na mapato, hata siku ya hasara. Msimu ujao daftari ndilo litasema kama mifuko miwili inafaa, ao hata mmoja ni mwingi.

Mikono iliinuliwa. Waliokubali walikuwa wengi, na mzee wetu alikuwa kati yao. Alisema: "Nimesema soja ni ya wagonjwa. Ile ya bidoni la kwanza, bado ni ya wagonjwa. Lakini siku mnapika brosheti, mnipigie simu."

Hapo mfugaji wa nyuki akafungua chupa yake ya asali, na sheria ya siku ikaisha.

Kwenu je?

Tulipokuwa tunateremka mlima tulizungumza kati yetu. Ni mara ngapi koperative zetu zinauza zao ambalo wanachama hawajawahi kulionja vizuri? Tunajua kilo zake, tunajua bei ya mnunuzi, hatujui ladha yake ikipikwa na mkono unaojua. Mtu asiyejua ladha ya mali yake anakubali bei yoyote anayotajiwa.

Tunawaomba mjaribu. Kabla ya kuuza mavuno yajayo, tengeni siku moja. Kila nyumba ilete sufuria moja ya chakula ya shamba, bila nyama, bila samaki. Mwite muganga na agronomu. Onjeni yote, hata ile iliyoharibika, kwa maana bidoni la kwanza lilitufundisha sawa na la pili. Ila sombe chungu irudi kwenye moto kwanza. Kisha andikeni hesabu yenu na bei za soko lenu, na mtutumie tuichapishe hapa.

Na daftari la wale wamama wa Kabare, tutarudi kulisoma msimu ukiisha. Tutawaambia lilichosema, liwe la faida ao la hasara.